Partizan ya majini, Belgrade: nyota 4 kati ya 5, nendeni mkaione

Watu wakija Belgrade, Serbia, wakaulizia Partizan wanamaanisha mpira wa miguu, wachache basketi. Mi mwenyewe nilikuwa hivyohivyo mwaka mzima. Nimekuja huku kwa skolashipu ile ya nchi zisizofungamana na upande wowote, mambo ya kina Tito na Nyerere hayo, na wiki ya kwanza tu nikaambiwa mji una Simba na Yanga yake, Partizan weusi na weupe, Crvena Zvezda wekundu na weupe, chagua upande wako mapema tusisumbuane. Nikachagua Partizan kwa sababu mzee mwenye nyumba ni Partizan na kodi nalipa kwake, sina sababu nyingine.

Sasa siku moja namsifia mzee timu yake ya mpira, nikijua napata pointi, akanikatiza. Akanyoosha vidole. Mpira wa miguu, makombe ya Ulaya mangapi? Sifuri, walifika fainali 1966 Real Madrid akawafunga 2-1. Basketi? Moja, 1992. Maji? Akafungua mkono mzima na vidole viwili vya mkono wa pili. Saba. Mi nikadhani maji ni biashara ya maji ya kunywa, kumbe ni polo ya majini, mchezo wa kutupia mpira golini kwa mkono huku mnaogelea, wao wanaita vaterpolo, na Jumamosi ile akanibeba mpaka bwawa la Banjica nikajionee.

Basi tathmini yangu ndo hii.

Kitu cha kwanza kinachokupokea mlangoni ni joto. Nje ni Januari, pua inauma kwa baridi, ukifungua mlango miwani yote inapata ukungu na harufu ya klorini inakuingia kichwani, nilikaa dakika mbili nzima sioni chochote nasikia tu filimbi na maji yakipigwa. Unakaa karibu na bwawa kiasi kwamba mpira ukigonga mwamba unarushiwa matone. Hakuna kiwanja cha mpira duniani kitakachokukalisha karibu na mchezaji namna hiyo. Kuna kipa alikuwa mbele yetu, kofia nyekundu, makipa wote wanavaa nyekundu, jamaa anatoka majini mpaka kiunoni kama kasukumwa na jeki, na chini hana anachokanyaga! Mzee akanieleza miguu inazungushwa kule chini mmoja kulia mmoja kushoto kama mtu anayepiga mayai, bila kupumzika, robo nne za dakika nane nane, na saa ikisimama kila mpira ukisimama kwa hiyo muda halisi ni mrefu kuliko huo. Saba kwa saba wakiwa majini. Ukiacha kipa, hakuna anayeruhusiwa kushika mpira kwa mikono miwili. Mi nimezaliwa Tanga, bahari naijua, lakini kuogelea kwangu ni kule ambako kidole gumba cha mguu kinagusa mchanga, kwa hiyo hawa watu niliwaheshimu ndani ya dakika tano.

Nyota niliyokata ni hii: nusu ya mchezo uko chini ya maji na huoni kitu. Mtu anapiga kelele, anazama, refa anapiga filimbi, ukumbi mzima unasimama, we umekaa unauliza nini nini. Mzee anasema wanavutana chupi huko chini tangu enzi zake. Pia kahawa niliyonunua kibanda kimoja njiani, jina naliacha, ilikuwa ya baridi na bei ya moto, sema hiyo haihusiani na timu.

Haya, turudi kwenye zile saba maana ndo zilizonifanya niandike. Klabu imeanza 1946, vita imetoka kuisha, Partizan yenyewe ilikuwa ya jeshi la Yugoslavia, nchi kubwa iliyokuwa na Serbia ndani yake enzi hizo, na jina ni la wale wapiganaji wa msituni wa Tito. Sasa angalia ramani. Belgrade haina bahari, ina mito miwili, Sava na Danube. Wenye bahari yao ni watu wa pwani ya Adriatic, Jug ya Dubrovnik wale wamezaliwa na chumvi mdomoni, na Zagreb nako kuna Mladost, na wote walikuwa ligi moja ya Yugoslavia. Ni kama timu ya Dodoma iende kuwafundisha watu wa Pemba kutega samaki! Na wakafundishwa. Kombe la mabingwa wa Ulaya lilipoanzishwa, msimu wa kwanza kabisa ukaisha 1964 na aliyebeba ni Partizan. Wakabeba tena 1966, mwaka uleule wenzao wa mpira wanalia na Real Madrid, 1967 tena, 1971, 1975, 1976. Kocha wa enzi hizo ni Vlaho Orlić, mzee akimtaja anashusha sauti kidogo kama anamtaja babu yake, na wachezaji kina Mirko Sandić na Zoran Janković ambao 1968 walichukua dhahabu ya Olimpiki na Yugoslavia. Kipa Milan Muškatirović, Gale walimwita, leo kituo kizima cha michezo pale Dorćol kimepewa jina lake.

Zamani mambo mengi ya maji yalikuwa Tašmajdan katikati ya mji, bwawa limekaa ndani ya machimbo ya mawe ya zamani. Hapo nikapata kitu changu mwenyewe: taš ni jiwe kwa Kituruki, majdan ni machimbo, na asili yake ni Kiarabu kilekile kilichotupa sisi neno madini. Nilimwambia mzee akafurahi kuliko nilivyomlipa kodi kabla ya tarehe.

Baada ya 1976 ikakauka. Si kwamba walikufa, 1991 walibeba kombe la Ulaya la washindi wa makombe, si lile la mabingwa, wakati nchi yenyewe ndo inapasuka, halafu 1992 Umoja wa Mataifa ukaweka vikwazo na klabu za huku zikafungiwa milango ya Ulaya. Mzee hapo alinyamaza sikumchokonoa. 1998 wakapata kombe la LEN, chama cha kuogelea cha Ulaya, ila ni dogo kuliko lile la mabingwa. Lakini lile kubwa lenyewe likangoja mpaka 2011, miaka 35 bwana, fainali Roma, mbele yao Pro Recco ya Italia, wenye hela, wenye pwani, kila kitu. Kocha wa Partizan ni Igor Milanović, mwenye dhahabu mbili za Olimpiki kama mchezaji, 1984 na 1988. Wakashinda. Ndo ya saba hiyo.

Na hapa ndo nataka niseme kitu maana nimeona wenzangu wakienda huko wanauliza nyota yuko wapi. Nyota hayupo, kashauzwa! Filip Filipović alitoka Partizan akaenda Pro Recco. Dušan Mandić, kapita Partizan, naye akafika hukohuko. Prlainović naye kapita. Wote watatu walikuwa kwenye kikosi cha Serbia kilichochukua dhahabu Rio 2016, na baada ya hapo Serbia ikachukua Tokyo na Paris pia, tatu mfululizo. Hata meya wa Belgrade aliyeingia 2022, Aleksandar Šapić, alichezea Partizan kijana. Kwa hiyo ukikata tiketi Banjica unaenda kuona watoto ambao jina lao hulijui bado. Mi naona hiyo ndo raha, wengine mtaona mmepunjwa, shauri yenu.

Mimi nilimchagua mmoja namba 9, meno ya mbele yameachana, alikosa mara tatu na ya nne akapiga mpira ukadunda juu ya maji ukapita chini ya kwapa la kipa. Walishinda, magoli sikuyahesabu.

Kutoka sasa. Mlangoni wametoka wale wadogo wa akademi, miaka minane tisa hivi, nywele zimelowa, na kila mmoja ana mama nyuma yake na kofia ya sufu anamvalisha kwa nguvu. Huku wanaogopa kitu kinaitwa promaja, upepo unaopita kati ya mlango na dirisha, wanaamini unaua kabisa. Mzee akanigeukia, akavua kofia yake, akanivalisha mimi mpaka macho, mtu ambaye sijagusa tone la maji.