Chakula cha Simbilisi: Cha Kununua Kwanza na cha Kuacha Sokoni, Mbeya na Iringa

Simbilisi (guinea pig) wa zamani huku Nyanda za Juu Kusini aliishi jikoni, akiokota maganda na majani karibu na mafiga, na watu hawakumnunulia kitu. Wa leo amefungiwa kwenye kibanda cha mbao mtaa wa Forest, Mbeya, au Kihesa, Iringa, watoto wamempa jina, na anakula kile tu unachomletea. Orodha hii nimeipanga kwa jinsi chakula kinavyomlinda, bei nimeiweka ya pili. Yanayoamua ni mawili: meno yake hayaachi kukua maisha yake yote, na mwili wake, kama wetu, hauwezi kujitengenezea vitamini C.

Namba moja: hei

Nyasi kavu ndefu, hasa za Rhodes, ndizo chakula chenyewe. Vingine vyote ni kitoweo. Anapozitafuna, meno yanasagika na utumbo unaendelea kufanya kazi. Anayelishwa vitu laini tu, meno hurefuka mpaka yanamchoma ulimi na mashavu, mate yanamtoka, na anakonda huku bakuli limejaa.

Najua kuna atakayecheka: kununua nyasi Mbeya? Wakati wa mvua chuma zako, mradi usichume kando ya barabara wala pembeni ya shamba lililopuliziwa dawa. Kazi inakuja kiangazi, maana kuanzia Juni hadi Oktoba za kuchuma zinakuwa zimekauka na kujaa vumbi. Kwa hiyo nunua mapema, Mei au Juni, nyasi zikiwa zimetoka kukatwa na kabla wenye ng'ombe wa maziwa hawajaanza kugombania marobota. Mbeya, anza kuulizia Uyole, kilipo kituo cha utafiti wa mifugo cha TALIRI. Iringa, waulize wafugaji wa maziwa wa jirani yako wananunua wapi.

Usikubali robota kwa kulitazama nje. Ingiza mkono katikati: likiwa na joto, lilifungwa bichi na litaota ukungu. Nyasi nzuri bado ina ukijani na inanukia. Iliyopauka kama makuti imekaa juani mno, na yenye madoa meusi au vumbi linalokupigisha chafya iache hapohapo. Marobota mengi huwa na kilo 15 hivi. Kwa simbilisi wawili, moja linaweza kukufikisha karibu miezi mitatu, pamoja na watakazozikojolea. Liweke juu ya mbao, pakavu, bila kulifunika kwa nailoni. Hei ya lusini (alfalfa, jamii ya kunde) ina madini mengi ya chokaa: mpe mwenye mimba na watoto wanaokua, lakini simbilisi mzima akiila kila siku anaweza kupata mawe kwenye kibofu.

Namba mbili: pilipili hoho

Hapa ndipo wengi wanapokosea, kwa kuiona hoho ni anasa. Simbilisi anahitaji miligramu 10 hadi 30 za vitamini C kwa siku kwa kila kilo ya uzito wake, na gramu 100 za hoho ya kijani zina takriban 80. Kipande cha gramu 20 kila siku kinamtosha mzima wa kawaida, kwa hiyo hoho moja ya soko la Mwanjelwa inawalisha wawili siku mbili tatu. Nyekundu ina zaidi, ila kama bei imeruka, kijani inatosha kabisa. Ioshe vizuri. Akikosa vitamini hiyo kwa wiki chache, manyoya yanakuwa makavu, viungo vinavimba, fizi zinatoka damu, na anaanza kuburuta miguu ya nyuma.

Muuza duka la mifugo anaweza kukupa unga wa vitamini wa kuku wa kuchanganya na maji. Mshukuru, urudishe. Vitamini C ikiwa majini inaharibika haraka, na hujui amekunywa kiasi gani.

Namba tatu: mboga za majani

Sukuma wiki, matembele, mchunga, majani ya karoti. Badilisha badilisha, fungu moja la sokoni linakwenda siku kadhaa. Kabichi na chainizi kidogo, zinaweza kumjaza gesi. Mchicha na spinachi mara mojamoja.

Namba nne: punje za sungura

Ni chakula cha sungura cha dukani, kilichobanwa vipande vidogo. Zinafaa kama nyongeza, kijiko kimoja cha chakula kwa siku. Lakini sungura anajitengenezea vitamini C, hivyo watengenezaji hawana sababu ya kuiweka. Soma tarehe kwenye mfuko na uulize kama zimewekwa dawa. Zenye dawa usichukue.

Namba tano: karoti na matunda

Kipande cha karoti, pera au tufaa la Makete (toa mbegu) mara moja au mbili kwa wiki. Sukari nyingi humharibia tumbo.

Ya mwisho: pumba

Kiroba cha pumba ni rahisi kupata na watu wengi ndicho wanachoanza nacho. Kinanenepesha, hakisagi meno, na kikivunda kina sumu ya ukungu isiyoonekana kwa macho. Ukimpa, iwe konzi ndogo, kavu, juu ya hei na si badala yake.

Vya kuacha kabisa: parachichi, hata yawe ya bure kutoka Rungwe, majani ya viazi mviringo na ya nyanya, viazi vilivyogeuka kijani, vitunguu, na chakula cha kuku.

Unaponunua simbilisi mwenyewe, muulize muuzaji alikuwa akimlisha nini na uombe kidogo uondoke nacho. Chakula kipya kiingize polepole kwa wiki nzima. Akipitisha nusu siku hajala, mpeleke kwa daktari wa mifugo siku hiyohiyo.