Legare 400: mashine ya kufuma soksi, baada ya majira mawili ya baridi

Kwa mtu aliyekulia Limuru katika nyumba ambamo sweta za shule zilifumwa hadi usiku wa manane kwa mashine ndefu ya mezani, mama akisukuma kigari chake kwenda na kurudi, mashine ya mviringo ya kufuma soksi hushangaza kwanza kwa udogo wake. Legare 400 ninayoizungumzia hapa huingia katika ndoo, ingawa ni chuma kitupu na uzito wake utaujua siku utakapoipandisha ngazi. Nimeitumia kwa majira mawili ya baridi hapa Ontario, ambako ndiko kwao hasa, kwa kuwa ilitengenezwa na Creelman Brothers katika mji wa Georgetown na kuuzwa na P.T. Legare wa Quebec, enzi ambazo mashine za namna hii zilitangazwa kwa wanawake wa mashambani kama njia ya kujipatia fedha bila kutoka nyumbani. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, Msalaba Mwekundu wa Marekani nao ulizitumia kufumia soksi za wanajeshi waliokuwa wakioza miguu katika mahandaki yenye maji.

Kazi yake inaonekana yote, na hilo ndilo lililonifanya niipende. Silinda imesimama wima, ubavuni ina mifereji 72, na katika kila mfereji mna sindano yenye ndoano kichwani na ulimi mdogo unaofunguka na kufunga. Ukizungusha mkono wa mashine, pete ya nje huzipandisha na kuzishusha sindano moja baada ya nyingine kama wimbi. Sindano inapopanda, kitanzi chake cha zamani husukuma ulimi ukafunguka. Inaposhuka ikiwa imenasa uzi mpya, kitanzi kile kile huufunga ulimi, kikateleza juu ya ndoano na kuachwa nyuma. Mzunguko mmoja ni vitanzi 72, hivyo mizunguko 60 ya mguu wa soksi ni vitanzi 4,320, kazi ambayo kwa sindano za mkononi ingenimaliza jioni mbili au tatu, na hapa huisha kabla chai haijapoa.

Kisigino, hata hivyo, mashine haikijui. Hapo unaziinua nusu ya sindano, yaani 36, zisifume, kisha unaanza kupeleka mkono mbele na kuurudisha nyuma badala ya kuzungusha. Kila mstari unainua sindano moja zaidi upande ule uliopo uzi, mpaka zibaki 12 katikati, halafu unazishusha moja moja hadi zirudi zote. Wakati wote huo lazima vizito vinavyoning'inia chini ya soksi vihamishwe juu kadiri kitambaa kinavyoshuka, kwa sababu kitanzi kisichovutwa hupanda pamoja na sindano yake na kuachia. Katika soksi yangu ya kwanza nilisahau kuhamisha kizito kimoja. Nilisikia mlio kama wa zipu, nikatazama, na kazi yote ilikuwa sakafuni, imezunguka kizito chake kama gunia tupu. Nilihesabu soksi 11 zilizoharibika kabla ya kupata jozi ya kuvaliwa, na hata hiyo mguu mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwenzake kwa kuwa nilipotewa na hesabu ya mizunguko. Kaunta ndogo ya kubonyeza, ya bei ya mkate, ilinitatulia hilo.

Mashine yangu niliinunua kwa mtu aliyenihakikishia kwamba inafuma. Ilikuwa imepigwa rangi nyeusi ikameremeta, lakini ndani ya mifereji mlikuwa na mafuta yaliyoganda kama lami, na sindano tisa ndimi zake zilikuwa zimepinda. Nilifungua kila kitu, nikaloweka mafuta ya taa, nikapaka mafuta ya cherehani, nikaagiza sindano mpya. Ndiyo maana nasema kwa msisitizo: usinunue mng'ao. Mwombe muuzaji akuoneshe kipande cha kitambaa kilichotoka katika mashine hiyo hiyo, na uulize kama kile kisahani cha juu chenye sindano za ukingo wa kuvutika kimo. Changu hakikuwamo, kwa hiyo juu ya soksi zangu nakunja pindo badala ya kuweka ukingo unaobana, nazo huteremka kidogo mtu akitembea sana. Hiyo ndiyo kasoro ninayoijutia zaidi kuliko ile ya sindano.

Kuhusu uzi, silinda ya sindano 72 inataka uzi mwembamba wa soksi, wa sufu iliyochanganywa na nailoni. Gramu 100 zinanitosha jozi ya mtu mzima. Uzi mnene hukaza mkono mpaka mashine igome, na kuilazimisha ni kuvunja sindano. Ncha ya vidole hufumwa kama kisigino, kisha soksi hutolewa na kufungwa kwa sindano ya kushonea, kitanzi kwa kitanzi, na hapo ndipo dakika zako nyingi huishia.

Kwa anayetaka jozi mbili tu za zawadi, sindano za mkononi zinatosha. Kwa mwenye meza imara, subira ya mwezi mzima na nia ya kufuma jozi nyingi, Legare iliyokamilika vipande vyake naipendekeza bila kusita. Jozi yangu ya kumi nilimtumia mama Limuru. Hakusema lolote kuhusu rangi, aliigeuza ndani nje, akapiga simu, akaniuliza: "Hapa vidoleni ulishona ukiwa na haraka ya kwenda wapi?"