Steshenari ya Majengo: kijitabu cha hayati Ndugai kilivyochapwa

Mwezi uliopita nilihitaji nakala 40 za kijitabu cha kurasa 24 kuhusu utumishi wa hayati Job Ndugai, Mbunge wa Kongwa kwa miaka 25, kwa ajili ya wanafunzi wangu wa somo la Uraia. Kazi hiyo niliipeleka kwenye steshenari moja ndogo karibu na Soko la Majengo, jijini Dodoma.

Muswada wangu ulikuwa umeandikwa kwa mkono, na dada aliyeuchapa aliusoma kweli. Alipita bila shida mahali nilipoeleza kwamba Ndugai aliingia bungeni mwaka 2000, akawa Naibu Spika mwaka 2010 chini ya Spika Anne Makinda, kisha Spika kuanzia Novemba 2015. Baadaye akaacha kuchapa, akaweka kidole juu ya mstari.

"Samahani mwalimu, hapa unasema alijiuzulu Januari 2022, na ukurasa wa mbele unasema aliiwakilisha Kongwa hadi 2025. Tuandike ipi?"

Zote mbili ni sahihi. Alijiuzulu uspika kufuatia mvutano uliotokana na kauli yake kuhusu deni la Taifa, lakini kiti cha ubunge hakukiacha. Alifariki dunia tarehe 6 Agosti 2025, Bunge la 12 likiwa limemaliza muda wake. Swali lile lilinionyesha kwamba hata mwanafunzi angekwama papo hapo, kwa hiyo niliongeza aya inayoeleza kuwa Katiba inaruhusu Spika achaguliwe miongoni mwa wabunge au hata watu wengine wenye sifa za kuwa wabunge, na kwamba uspika na ubunge ni vyeo viwili tofauti. Kwangu mimi hiyo ndiyo aya bora katika kijitabu kizima, na ninamshukuru sana dada huyo.

Jalada ndilo lililoniumiza. Lilitengenezwa na kijana mwingine, nami sikuonyeshwa kabla ya kuchapwa. Nakala zote 40 zikatoka zimeandikwa "Mbunge wa Kondoa". Kwa mtu wa Kongwa hilo si kosa dogo. Walikubali kosa bila ubishi, wakachapa majalada mapya bila malipo, ila nililazimika kulala mjini na kupanda basi la asubuhi.

Karatasi ni nzito, maandishi hayafifii, na pini za katikati bado zimeshika baada ya wiki tatu mikononi mwa watoto. Nitarudi kwao, na safari hiyo nitaomba kuliona jalada kwanza.