Kabla ya Kuagiza Sedani ya Kasi kutoka Japani, Uliza Umri wa Mipira

Sedani yangu ya kwanza ya kasi kutoka Japani ilikuwa na umri wa miaka 17 na mita iliyosoma kilomita 41,000, nami, kama wanunuzi wengi, nililipa bei ya juu kwa sababu ya ile namba ya pili bila kuifikiria ile ya kwanza. Katika wiki ya tatu gari lilianza kupumua vibaya. Likiwa limesimama, mzunguko wa injini ulipanda na kushuka wenyewe. Likipanda mlima, turbo, yaani pampu inayozungushwa na moshi na kusukuma hewa zaidi ndani ya injini, ilisukuma kwa sekunde chache kisha nguvu ikakatika. Fundi alifungua boneti, akapenyeza mkono hadi nyuma ya turbo, akashika mpira wa vakyumu, bomba la kupitisha hewa lisilozidi unene wa kalamu, na kuukunja kidogo. Ulikatika kama kijiti kikavu. Alipomaliza kazi, vipande vya mipira sita vilikuwa juu ya benchi lake, vyote vimekakamaa kiasi kwamba ukivigonga vinalia.

Tangu siku hiyo nimewasikiliza wapenzi wa magari haya wakibishana, na ubishi wao haubadiliki: nguvu farasi, gia za mkono au otomatiki, na Mitsubishi au Subaru. Nami naupenda ubishi huo. Tommi Mäkinen alitwaa ubingwa wa dunia wa rali mara nne mfululizo, 1996 hadi 1999, akiendesha Mitsubishi Lancer, na Subaru nayo ina mabingwa wake watatu: Colin McRae wa 1995, Richard Burns wa 2001 na Petter Solberg wa 2003. Hata hivyo, nguvu farasi haziwezi kukuchagulia gari, kwa kuwa hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikuwa na makubaliano ya kutotangaza zaidi ya 280, na ndiyo maana kwenye karatasi magari mengi ya zama hizo yanalingana. Kinachotenganisha leo gari zima na gari litakalokufilisi ni hali ya mpira: mipira ya vakyumu, mipira ya maji, bushi (vikombe vya mpira kwenye viungo vya chini ya gari), sili zinazozuia mafuta yasivuje, maunti zinazoshikilia injini, na mkanda wa taimingi unaoziendesha sehemu za ndani za injini kwa mpangilio mmoja.

Mpira hauhesabu kilomita. Unakaushwa na joto, hewa na miaka, na gari lililoegeshwa muda mrefu huweza kuwa na sili kavu kuliko gari lililotembea kila siku. Katika injini ya turbo hatari huongezeka, kwa sababu mipira hiyo myembamba ndiyo inayopeleka habari ya presha kwenye kifaa kinachofungua njia ya pembeni ya moshi pale turbo inapofikia kiwango chake. Mpira ule ukipasuka, kifaa hakipati habari, njia haifunguki, presha inazidi, na injini huanza kugonga, yaani mafuta hulipuka ndani yake kwa wakati usiofaa. Mnunuzi husikia tu kwamba gari limepata nguvu za ghafla na hufurahi, hadi siku pistoni inapopasuka.

Karatasi ya mnada, ile ripoti ya ukaguzi inayotolewa gari linapouzwa mnadani Japani, haitakuokoa. Ina mchoro wa gari wenye herufi A kwa mkwaruzo, U kwa bonde na W kwa sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi upya. Mpira uliokauka hauna herufi yake, na gari linaweza kupewa daraja zuri la 4.5 huku bushi zake zote zimepasuka. Kwa hiyo, mwombe muuzaji picha tatu. Ya kwanza iwe ya bushi za mikono ya chini, ile vyuma inayoshikilia magurudumu ya mbele, ikipigwa karibu. Ya pili iwe ya namba nne za tarehe ubavuni mwa tairi, ambapo 1217 maana yake ni wiki ya 12 ya 2017. Mwenye gari aliyeacha tairi zizeeke hivyo mara nyingi ameacha na vingine. Ya tatu, ambayo kwangu ni muhimu kuliko zote, iwe ya kibandiko cha mkanda wa taimingi ambacho mafundi wa Japani hubandika chini ya boneti, chenye kilomita na tarehe. Mwaka hapo huandikwa mara nyingi kwa kalenda ya Kijapani: kwa mwaka wa enzi ya Heisei jumlisha 1988, kwa wa enzi ya Reiwa jumlisha 2018.

Sasa niyapange magari yenyewe, na niseme wazi kwamba mimi ni mtu wa Subaru.

Nafasi ya kwanza naipa WRX STI ya milango minne yenye injini ya EJ20, yaani umbo lenye msimbo wa GVB lililotoka 2010 au VAB la 2014. Najua pingamizi: injini hiyo ina mkanda mmoja mrefu unaozungusha shafti nne zinazofungua valvu, na ukikatika valvu hugongana na pistoni na kuharibu injini. Lakini mkanda huo uko mbele, fundi aliyeizoea injini hii huufikia bila kuitoa, na familia ya EJ ilianza na Legacy ya 1989 ikaendelea Japani hadi 2019, ilipoagwa kwa toleo la magari 555. Injini iliyodumu miaka 30 ina mafundi wanaoifahamu kwa kuipapasa, na mipira na sili zake zinaendelea kutengenezwa na viwanda vingi. Jihadhari na jambo moja: WRX STI A-Line ya Japani ina injini ya lita 2.5 na gia za otomatiki, si EJ20, na wapo wauzaji wanaoyachanganya magari haya mawili katika tangazo moja kana kwamba ni kitu kimoja. Mtu aliyetaka injini inayopenda kuzunguka hadi mara 8,000 kwa dakika atapokea kitu kingine kabisa, na hapo fedha zimeshavuka bahari.

Ya pili ni Lancer Evolution X, iliyoanza 2007 na kuisha 2016. Hapa wapenzi wa Mitsubishi watanishambulia, kwa kuwa wao huiabudu Evolution IX iliyoitangulia, na injini yake ya 4G63 yenye bloku ya chuma. Bloku hiyo ni imara kweli, ila injini ile ina mikanda miwili, wa taimingi na mwingine mdogo wa shafti za kusawazisha mtetemo, na huo mdogo ukikatika unaweza kuingia katika njia ya mkubwa na kuua injini yote. Evolution X ina injini ya 4B11 inayotumia cheni ya chuma badala ya mkanda. Kwa kipimo changu jambo hilo pekee linatosha kuiweka juu ya IX, hata kama usukani wa IX unazungumza na mikono kwa namna ambayo X haijaifikia.

Toyota Chaser Tourer V ya umbo la JZX100, iliyotoka 1996 hadi 2001, ni gari ninalolihusudu: silinda sita kwa mstari mmoja, lita 2.5, turbo moja, magurudumu ya nyuma ndiyo yanayosukuma. Naliweka la tatu kwa sababu ya umri wake, na kwa sababu bei imevurugwa. Marekani huruhusu magari ya aina hii kuingia kwa urahisi yakitimiza miaka 25, na Chaser za kwanza zilifika hapo 2021. Gari ambalo lilikuwa la vijana wenye mshahara wa kawaida sasa linauzwa kama kito, na lenye gia za mkono huongezewa bei utadhani gia hizo ni za dhahabu, wakati chini ya boneti kuna mipira ileile iliyofungwa kiwandani zaidi ya robo karne iliyopita. Hasira yangu haiko kwa Wamarekani. Iko kwa muuzaji anayepulizia mipira hiyo dawa ya kung'arisha kabla ya kupiga picha, kisha anaandika "kilomita chache" kwa herufi kubwa. Nimemwomba mmoja picha ya bushi, akanitumia ya usukani. Nilipoomba mara ya pili alinijibu kwamba wanunuzi makini hawaulizi maswali kama hayo.

Kwa mwenye fungu dogo zipo Altezza RS200 na Mark X, zote za Toyota. Mark X haina turbo na injini yake ina cheni, basi ina mipira michache ya kukusumbua. Altezza ina mkanda, ukague.

Lolote utakalochagua, tenga fedha za mipira kabla ya fedha za rimu na bomba la moshi. Gari likifika, badilisha mipira yote ya vakyumu kwa ile ya silikoni, mipira ya maji ya rejeta na, kama gari lina mkanda wa taimingi, mkanda huo pamoja na pampu ya maji, hata kama mita inasoma kilomita 30,000, na usilikanyage hadi kazi hiyo iishe.

Nilipotafuta gari langu la pili niliwaandikia wauzaji wanne wa GVB nikiomba zile picha tatu. Wawili hawakujibu, wa tatu alituma video ya gari likiunguruma. Wa nne alikuwa na gari la daraja la 3.5, lenye mikwaruzo milangoni na kilomita 84,000, ambalo wengine walikuwa wamelipita. Picha yake ilionyesha kibandiko kilichofifia pembeni: Reiwa 3, kilomita 78,000. Watengenezaji hutaka mkanda ubadilishwe kufikia kilomita 100,000, lakini mwenye gari huyo hakusubiri. Nililipia siku hiyohiyo.