VMware Workstation Pro na upangaji wa mitandao pepe

Tangu Novemba 2024, VMware Workstation Pro, programu ya kuendesha kompyuta pepe (kompyuta zinazoigizwa ndani ya kompyuta halisi), hutolewa bure kwa matumizi yote, ya nyumbani na ya kibiashara, baada ya Broadcom, iliyoinunua VMware mwaka 2023, kuondoa ada ya leseni. Kwa fundi wa mitandao wa Dar es Salaam, au mwanafunzi anayejisomea kwa laptopu iliyotumika aliyoipata Kariakoo, uamuzi huo una uzito hasa kwa sababu ya kifaa kimoja kilichomo ndani ya programu hii, Virtual Network Editor, cha kupangia mitandao ya kompyuta pepe, na ndicho ninachokitathmini hapa.

Programu ikishasakinishwa huleta mitandao mitatu. VMnet0 ni daraja, ambapo kompyuta pepe huomba anwani kwenye ruta ileile inayohudumia ofisi. VMnet8 hutumia NAT, yaani kompyuta pepe hutoka nje kwa kutumia anwani ya kompyuta mwenyeji, ile halisi inayozibeba. Na VMnet1 huishia kati ya kompyuta mwenyeji na kompyuta pepe zake. Wengi hutosheka na hiyo mitatu, ilhali kwenye Windows unaweza kuwa na mitandao hadi 20, kila mmoja ukiwa na anwani zake na DHCP (huduma inayogawa anwani zenyewe kwa kompyuta) unayoweza kuizima kwa kuondoa alama moja tu ya tiki.

Uwezo huo wa kuizima DHCP ndio unaonifanya niipendekeze programu hii. Chukua fundi anayeandaa seva ya Windows itakayogawa anwani katika ofisi moja ya eneo la Posta. Akiijaribu kwenye daraja, seva hiyo inaweza kuanza kuwagawia anwani wafanyakazi halisi, na wa kwanza kupiga simu kulalamika atakuwa mhasibu. Akiunda VMnet2 isiyo na DHCP ya VMware wala muunganisho na kompyuta mwenyeji, seva na kompyuta pepe zinazoitegemea hubaki peke yake, na makosa yote huishia humo. Intaneti ikihitajika, huongeza kompyuta pepe ya pfSense, mfumo unaoigeuza kompyuta kuwa ruta, yenye kadi mbili za mtandao, moja ikiwa VMnet8 na nyingine VMnet2, akapata ruta ya kufanyia mazoezi bila kununua hata waya.

Daraja, kwa mazingira yetu, silisifu. Wengi hapa jijini hufanya kazi kwa intaneti ya simu, na simu huruhusu vifaa vichache kuunganishwa kwa wakati mmoja. Tena baadhi ya ofisi hutambua vifaa kwa anwani za MAC, yaani namba ya utambulisho ya kila kadi ya mtandao, hivyo kompyuta pepe hukataliwa mlangoni. Anayelazimika kulitumia asiiachie programu ijichagulie kadi, kwani kwenye laptopu yenye VPN inaweza kuchagua isiyofaa, aitaje mwenyewe. Vinginevyo NAT inatosha, maana simu huona laptopu peke yake. Tahadhari moja kuhusu bando: kompyuta pepe huona kadi ya waya, kwa hiyo Windows iliyomo haijui kwamba data inapimwa, na itapakua masasisho yake kana kwamba ipo kwenye faiba. Mipangilio ya kupunguza matumizi ya data inapaswa kuwekwa humo ndani pia, si kwenye kompyuta mwenyeji pekee.

Kubadilisha mitandao kunahitaji haki za msimamizi, jambo linalowabana wanaotumia laptopu za mwajiri, na ili kuipakua programu yenyewe ni lazima kufungua akaunti kwa Broadcom. VirtualBox, programu nyingine ya kompyuta pepe, haina usumbufu huo wa akaunti, na mtandao wake wa ndani hupewa jina lolote upendalo. Hata hivyo dirisha lake huonyesha kadi nne tu kwa kila kompyuta pepe, wakati Workstation hukubali hadi 10. Mwenye laptopu ya RAM GB 8 hatazifikia kadi hizo wala mitandao 20: seva moja ya Windows na kompyuta pepe mbili ndogo zitakuwa zimeimaliza kumbukumbu yote.