Kumwagilia bustani ya Goma: mpira wa matone au arozwari?

Katika mitaa mingi ya Goma, udongo ni mwembamba juu ya mawe ya volkano Nyiragongo, na maji yanapotea chini haraka. Arozwari, chombo cha kumwagilia kwa mkono, ni ya bei ndogo na inafaa mboga ya lengalenga iliyopandwa kwa kubanana. Lakini mwezi wa 7, wakati wa kiangazi, unamwaga bidoni nzima ya lita 20, kesho yake majani yamelegea tena. Na maji hayo umeyabeba mwenyewe! Mpira wa matone, wenye matundu madogo, unayaleta maji polepole kwenye mizizi. Inua bidoni juu ya mawe, mita 1 hivi, maji yashuke bila umeme. Shida ni matundu kuziba: chuja maji kwa kitambaa, hasa ya ziwa. Kwa nyanya ninachagua matone bila kusita.