Mpishi wa kukodi Lamu mjini kwa mlo wa Idi: mapishi tisa, upawa nne

Nyumba nyingi za Lamu mjini zikiwa na wageni wa Idi huagiza chakula kwa akina mama wanaopikia majumbani mwao na kutoza kwa kilo ya mchele. Hapa huduma hiyo inapimwa kwa agizo la watu 16 ambao hawali sawa: watatu wana kisukari, mmoja ana presha, mmoja amekatazwa ngano na daktari, mmoja huvimba midomo akila kamba, na wawili hawagusi nyama, samaki wala mayai. Kwa ladha, tisa juu ya kumi. Kwa kutenganisha vyombo, nne, na hiyo nne imetolewa kwa huruma ya sikukuu.

Tuanze na sifa. Mapishi ya Kiamu hayahitaji kubuniwa kitu kipya kwa ajili ya wageni hawa. Wali wa nazi, mbaazi za nazi, mchicha na bajia za kunde havina ngano, havina maziwa wala nyama. Kilo 2 za mchele zilitosha wote: kilo moja na nusu pilau ya mbuzi, nusu kilo wali wa nazi kwenye sufuria yake. Mbaazi kavu nusu kilo zililazwa majini usiku kucha, zikachemshwa mpaka zikaiva kabisa ndipo zikatiwa chumvi, kisha tui jepesi, na tui zito mwishoni kwa moto mdogo bila kifuniko. Halikukatika hata kidogo. Anayeharakisha hapa hupata mchuzi wenye chembechembe na mafuta yanayoelea juu, na kuuokoa ni vigumu.

Samaki kolekole wa kupaka naye alistahili sifa zake: kilo 2, tui zito la nazi mbili, ukwaju na pilipili, akipakwa na kugeuzwa juu ya makaa yaliyokwisha kushika jivu.

Sasa matatizo. La kwanza ni lile la siku zote: mpishi akiambiwa mtu hali nyama, huelewa kwamba hatafuni nyama. Pilau ya “wasiokula nyama” ilitolewa kutoka sufuria ile ile, mapande yakaondolewa. Akiulizwa, jibu ni moja mji mzima: “Nyama sikutia mwanangu, ni supu tu.” Kwa hiyo usiagize kwa kutaja kisicholiwa. Agiza kwa kutaja sufuria, kwa mfano: “wali wa nazi, sufuria ya peke yake, kwa maji na tui, bila supu, bila samli.” Samli inafaa kutajwa kwa jina, maana wapishi wengi huiona kama chumvi: huongezwa juu ya wali wakati wa kupakua bila kufikiriwa.

La pili ni karai. Bajia za kunde zilikuwa safi kwa unga, lakini zilikaangwa kwenye mafuta yaliyotangulia kukaanga kamba na viazi vya karai. Hapo umewakosesha wawili kwa mkupuo mmoja. Anayedhurika na kamba anaweza kudhurika na mafuta yake, na rojo la kuchovyea viazi mara nyingi lina unga wa ngano. Dawa yake haina gharama: bajia zikaangwe mwanzo kabisa, mafuta yakiwa mapya, viazi vifuate, kamba mwisho. Mpishi alikubali mara moja alipoelezwa. Hakuna ubishi wowote, ni kwamba hakuna anayemwambia.

Ngano inahitaji macho zaidi, kwa sababu hujificha. Mkate wa mofa hudhaniwa ni mtama mtupu, lakini wapo wanaochanganya ngano ili ulainike, basi uliza kabla ya kulipa. Mvuje unaotiwa kwenye dengu mara nyingi umesagwa pamoja na unga wa ngano. Viungo vya mchanganyiko vya dukani navyo ni vya kusomwa pakiti, au viachwe, bizari nzima isagwe nyumbani. Kaimati na mahamri wala hayana mjadala.

Badala yake agiza mkate wa sinia. Nusu kilo ya mchele uliolala majini, tui, iliki, kijiko cha chai cha hamira, sukari gramu 200. Husagwa mpaka ukiupitisha vidoleni husikii punje, huachwa uumuke, humiminwa kwenye sufuria iliyopakwa mafuta na kupaliwa makaa juu ya kifuniko. Wa agizo hili ulikuwa mbichi katikati: makaa yalikuwa mengi juu na machache chini, ukaiva sura tu. Na kumbuka baadhi ya wapishi hutia ute wa yai. Wawili wetu wasingeweza kuula lau tusingeuliza.

Kwa wenye kisukari huduma hii haina la kulaumiwa isipokuwa vinywaji, juisi ya ukwaju ikiwa tamu kama halua. Omba maji ya ndimu yasiyo na sukari, wali usizidi robo ya sahani, mbaazi na mchicha vizidi. Mwenye presha apewe kachumbari yake kabla haijatiwa chumvi, na achari iwekwe mbali naye.

Upakuzi ndio ulioleta ile nne. Vyakula vilifika vizuri, sufuria zimefungwa vitambaa, kisha upawa mmoja ukatembea kutoka pilau hadi mbaazi hadi mchuzi wa kamba. Toa pawa zako mwenyewe, moja kwa kila sufuria, ufunge uzi wa rangi mpinini. Wasiokula nyama na asiyekula kamba wapakuliwe kwanza. Sinia ya pamoja, kwa uzuri wake wote, haifai kwa asiyekula ngano wala kwa mwenye kudhurika na kamba.

Tahadhari kuhusu mwezi. Mchele na mbaazi hulowekwa baada ya mwezi kutangazwa, na muda unatosha. Samaki ndiye mtihani: akinunuliwa Ramadhani 29 na mwezi usionekane, atakaa barafuni siku mbili, na asubuhi ya Idi wavuvi wengi hawatoki. Patana mapema kuwa mwezi ukichelewa atawekwa kuku wa kupaka kwa bei ile ile. Kama wageni wako Shela, kijiji cha jirani ambako chakula hupelekwa kwa mashua, agiza mchuzi uje kwenye ndoo yenye kifuniko cha kubana. Sufuria ndani ya mashua humwagikia jirani yake, na jirani yake ni wali wa nazi.